Mstari Mwekundu wa Kibondo

Niseme mapema tusije tukalaumiana: kazi ile sikuipenda tangu siku niliyopewa. Si kwamba ilinishinda. Kuwaonyesha watu wanatumia nini na kwa gharama gani si dhambi, hata dukani unapewa risiti. Kilichoniudhi ni jinsi mkuu wetu wa ofisi alivyoisema. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Nataka nione nani anakula."

Anakula. Kana kwamba tulikuwa kuku wake.

Ilikuwa mwaka 2015, Kasulu. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika lililohudumia wakimbizi, na nilikuwa mmoja wa wachache ofisini waliozaliwa huku huku. Kwetu ni Heru Juu, ukipanda bodaboda kutoka mjini hujamaliza hata mazungumzo na dereva umeshafika. Nilisoma Dodoma nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, jambo ambalo wenzangu waliopangiwa kazi kutoka mikoa mingine hawakulielewa. Wao waliomba uhamisho. Mimi kila Jumapili nilikuwa nakula muhogo na maharage ya mama yangu. Hilo lilinipa jeuri kidogo. Mtu aliye kwao humtishi kwa safari ya kurudi kwao.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba chenye makabati mawili ya chuma na kiyoyozi kinachovuja. Ndani ya makabati zilikaa seva zetu, nasi tuliziita wingu. Ni jina kubwa, lakini maana yake nyepesi: badala ya kila kitengo kununua mashine yake, wote walikata kipande katika mashine zile za pamoja kupitia mtandao. Afya, maji, elimu, ghala la chakula, na ofisi yetu ndogo ya Kibondo. Lilikuwa wingu letu wenyewe, halikukodiwa kwa kampuni ya nje, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mambo ambayo hayafai kutembea ovyo: magonjwa ya watu, majina yao, picha za watoto.

Wafadhili walikuwa wamekaza mkono mwaka ule. Mkuu akaamua kila kitengo kitozwe kwa kadiri kinavyotumia wingu, na bili zionekane kwenye televisheni ya koridoni, pale karibu na birika la chai, ili kila anayechukua kikombe aone. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza ukurasa huo.

Mwanzoni ukurasa ulikaa mweupe kama sahani iliyolambwa. Takwimu za matumizi zilikuwepo, bei zilikuwepo, lakini mfumo ulijua akaunti tu. Haukujua akaunti ipi ni ya kitengo gani, kwa hiyo haukuwa na mtu wa kumwandikia bili. Nikakaa nikazifunga moja moja, akaunti hii ya maji, hii ya elimu, hii ya ghala. Siku mistari ilipojitokeza kwenye skrini, na namba zikaanza kupanda zenyewe kila seva ilipofanya kazi, nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilichukua chai yangu nikasimama pale koridoni kuitazama kama mtu anayetazama mahindi yake.

Furaha haikuchelewa kutiwa mchanga. Mkuu alikuja, akatazama, akasema anataka mistari ipangwe kuanzia anayetumia sana, na wa kwanza awekewe rangi nyekundu. Na pembeni ya kila mstari niweke kitufe cha kusitisha, ili akiona mtu anazidi amsimamishe pale pale.

"Mkuu, nyekundu ni rangi ya hatari," nilimwambia. "Bili kubwa si hatari. Huenda huyo ndiye anayefanya kazi."

"Dada, wewe weka tu."

"Na hicho kitufe kinasimamisha kazi za watu, si feni."

"Ndiyo maana nitakibonyeza mimi, si wewe."

Nikaweka. Kazi ya ajira ina adabu zake. Lakini nilinuna, na mimi nikinuna hata mlinzi wa getini anajua.

Mwekundu wa kwanza akatokea siku ile ile, na hakushuka tena: Dawati la Kutafuta Ndugu, Kibondo.

Dawati hilo lilikuwa ni mtu mmoja. Mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mwenyeji wa Kibondo, zamani mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nilimwita dada naye akiniita mdogo wangu. Tangu watu walipoanza kukimbia kutoka Burundi na kuvuka mpaka pale Mabamba, kazi yake ilikuwa moja. Watu walivuka kwa makundi, wengine usiku, wengine kwa kutawanyika shambani, na katika purukushani ile watoto walipotea. Mama anajikuta Kibondo, mtoto kapakiwa basi la watu wengine kapelekwa kambi ya Nyarugusu, huku upande wetu wa Kasulu. Dada aliandika jina la mtoto, kijiji, alama, maneno ya mama. Wenzake wa Nyarugusu waliandika na kupiga picha watoto waliofika peke yao. Vitu hivyo viwili vilikutana ndani ya wingu, na mara nyingine vikalingana. Hakuna simu wala basi lililoweza kuwaunganisha watu wale kwa namna nyingine.

Sasa mtu mmoja anakulaje zaidi ya kitengo kizima cha chakula? Nilifungua matumizi yake nikayatazama. Kulikuwa na hesabu ya dawa za zahanati. Kulikuwa na michoro ya visima. Kulikuwa na mahudhurio ya wanafunzi. Nikampigia simu.

"Mwakeye, dada," nilimsalimu kwa Kiha.

Waha hatujui kukatisha salamu. Tuliulizana mama, ng'ombe, mvua, goti la baba yake, ndipo nikamuuliza ni nani wengine wamo kwenye akaunti yake.

"Ni majirani," akasema.

"Majirani gani?"

"Majirani, mdogo wangu. Hujui jirani?"

Ndipo nikaelewa, na nikacheka mpaka aliyekaa meza ya pili akageuka. Kwetu milimani, jioni moshi ukianza kupanda kwenye nyumba moja, nyumba nyingine humtuma mtu na kigae kwenda kupalia moto. Anayeomba haulizwi amekifanyia nini kiberiti chake. Anayetoa hahesabu makaa. Na kumnyima jirani moto ni tusi ambalo watoto wenu watakuja kulisimulia. Mama yangu alikuwa na ugomvi wa miaka na mwanamke wa ng'ambo ya kijito, hawasalimiani hata msibani, lakini moto walipeana.

Kibondo walifanya hivyo hivyo na wingu. Kufungua akaunti mpya kulihitaji maombi ya karatasi yaliyosafiri na gari hadi Kasulu, yasainiwe na mkuu, yarudi. Afya waliomba, maji waliomba, elimu waliomba. Karatasi zao zilikuwa mezani kwa mkuu, chini ya kikombe chake, nilikuwa naziona kila nikiingia. Aliyekuwa na akaunti inayofanya kazi Kibondo ni dada peke yake. Wakaja na vigae vyao, naye akawapa moto. Neno lake la siri lilikuwa siri ya mtaa mzima.

Nikaenda kwa mkuu. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, kwamba ule mstari mwekundu si wa mtu mmoja, ni Kibondo nzima, na dawa yake ni kusaini zile karatasi. Hadi hapo tuwaweke wote kwenye mstari mmoja ulioandikwa Kibondo, bili wagawane.

Alisikiliza huku akizungusha kalamu. "Kugawana neno la siri ni kosa," akasema. "Waniandikie majina ya wote waliolitumia. Nitawachukulia hatua. Wasipotajwa, bili ni ya dawati, na dawati likiwa juu hadi mwisho wa mwezi nalizima. Angalia afya wa Kibondo, hata kwenye skrini hawaonekani. Wanajua kubana matumizi. Wengine waige."

Nilitaka kumwambia kwamba hawaonekani kwa sababu wamekaliwa na kikombe chake. Nilimwambia.

Hakupenda.

Wiki iliyofuata dada alikuja Kasulu mwenyewe, ameitwa. Alishuka kwenye gari, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, akanawa uso bombani, akaingia. Nilikuwepo kwa sababu mkuu alitaka mtu wa kompyuta. Akamwekea karatasi tupu na kalamu mbele yake.

"Andika majina."

"Siandiki," dada akasema.

"Unajua nitalizima dawati lako?"

"Najua, mkuu. Umesema."

"Basi unamlinda nani? Si wao waliokuponza?"

"Mimi ndiye niliyetoa. Aliyeomba hana kosa." Akaisukuma karatasi pole pole, kama mtu anayerudisha sahani aliyoshiba. "Ukitaka jina, andika langu, unalijua."

Pale nilijisikia nimevimba kichwa kwa fahari, kana kwamba ni mimi niliyesema. Tulipotoka nilimshika mkono, nikamwambia abaki apate hata chai. Alikataa, gari linarudi na kuna mtu anamsubiri Kibondo.

"Sasa ulikuja kuomba moto?" nilimtania.

"Moto ninao," akasema. "Shida yangu ni anayetaka kuumwagia maji."

Akaniambia huyo mtu ni nani. Mwanamke kutoka upande wa pili wa mpaka, alivuka Mabamba na watoto watatu, akafika na wawili. Wa tatu ni wa kiume, mdogo, bado anakosea kutaja jina la baba yake. Alama aliyoitaja mama ilikuwa nywele: nyingi, zimeshikana, na hakuna mkono uliowahi kuzinyoa isipokuwa wake. Kila asubuhi mwanamke yule alikuja kwenye benchi la nje ya dawati, akakaa na wale wawili, akauliza, akajibiwa bado, akakaa tena. Hakulia mbele za watu. Alikuwa amemkasirikia kila mtu, hata dada.

"Hasira yake naipenda," dada akasema. "Wakianza kunyamaza ndipo naogopa."

Mwisho wa mwezi ukafika pamoja na wageni kutoka makao makuu. Nao walikuja siku ile ile dawati lilipotakiwa kuzimwa, maana balaa huja na ndugu zake. Mkuu alikuwa amevaa tai. Asubuhi kabla ya wageni kukaa, Nyarugusu walinipigia: wamepata mtoto wa kiume, mdogo, alifika na basi la watu wa kijiji kingine, jina linakaribiana na la yule wa benchi. Picha wameshaiingiza kwenye wingu. Nikampigia dada. Akasema mama yupo pale pale benchini, na kompyuta imeshawashwa, anamwita ndani.

Sikupata nafasi ya kusubiri. Mkuu aliniita koridoni mbele ya wageni nieleze ukurasa. Nikaeleza: hapa matumizi, hapa bei, hapa bili. Wageni wakaitikia kwa vichwa, mmoja akauliza huyu mwekundu ni nani.

"Huyu ndiye mfano wa nidhamu tunayoijenga," mkuu akasema. Akanigeukia. "Dada, msimamishe."

"Simsimamishi, mkuu."

Birika lilikuwa linachemka pembeni na hakuna aliyelizima.

"Umesemaje?"

"Nimesema simsimamishi. Ukizima mstari huo umezima Kibondo nzima. Nilikwambia, narudia mbele ya wageni. Na sasa hivi kuna mama yuko mbele ya ile kompyuta anasubiri kuonyeshwa picha ya mtoto. Mpe hata nusu saa."

Nadhani asingekuwa na wageni angenipa. Mtu mwenye tai mbele za watu hawezi kurudi nyuma. Alichukua kipanya mkononi mwangu, akakipeleka kwenye kitufe nilichokitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, akabonyeza. Mstari mwekundu ukawa wa kijivu. Akatabasamu, akawaongoza wageni ukumbini.

Simu yangu ikaita kabla mlango wa ukumbi haujafungwa. Ilikuwa dada.

"Picha ilikuwa inafunguka," akasema. "Imeonyesha ukuta wa nyuma tu, ikakatika. Mdogo wangu, huyu mama ananiangalia. Anasema nimeifunga makusudi. Anasema kwao ukifichwa habari jua ni msiba."

"Mwambie ni mtambo."

"Nimemwambia. Haniamini. Ameanza kuwafunga wale wadogo kanga kichwani, waondoke."

Nilikasirika, sikatai, nilikasirika kiasi kwamba mikono ilitulia. Nikaenda ukumbini bila kubisha hodi. Nikamkuta mkuu amesimama mbele ya ukuta uliomulikwa na projekta, kompyuta yake inazungusha duara. Alikuwa anataka kuwaonyesha wageni ripoti ya mwezi ya Kibondo, na ripoti haifunguki. Nayo ilikuwa kule kule, kwenye akaunti ya dada. Ofisa wake mwenyewe wa Kibondo, aliyeiandaa, alikuwa ameenda na kigae kwa dada kama wengine wote.

Simu ya mkuu ikaanza kutetemeka mezani. Zahanati. Akaikata. Watu wa maji. Akaikata. Zahanati tena. Wageni walikuwa wanatazama lile duara.

"Washa," akaniambia kwa sauti ya chini.

Ningeweza kumkomoa. Ilikuwa zamu yangu, na maneno nilikuwa nayo, nimeyatunza mwezi mzima. Ningeweza kumwambia asaini kwanza. Lakini benchi la Kibondo halikuwa la kuchezea. Nikakimbia koridoni, nikawasha kwanza. Kisha, nikiwa bado pale, bila kuomba ruhusa ya mtu, nikakifuta kile kitufe. Nikaifuta na rangi nyekundu. Nikawafunga wote wa Kibondo kwenye mstari mmoja, nikauandika Kibondo, basi.

Nilikaripiwa kwa hilo. Nilipewa barua, na mwisho wa mwaka mkataba wangu haukuongezwa; niliambiwa ni bajeti. Sawa. Nilirudi Heru Juu kwa bodaboda na begi moja, mama akanipikia, na wiki mbili baadaye nilikuwa napata kazi za kutengeneza kompyuta za shule. Mkuu alisaini zile karatasi wiki ile ile ya wageni, zikiwa na alama ya kikombe. Kitufe sikukirudisha, na aliyekuja baada yangu hakukirudisha. Niliuliza. Wakiniuliza leo kama najuta, nauliza nijutie lipi.

Lakini siku ile sikuwa nafikiria barua. Nilipomaliza kubadilisha mstari nilichukua simu. Dada hakuwa ameikata, alikuwa ameiweka juu ya meza. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia watoto wakikohoa. Kirundi na Kiha ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo nilielewa dada alipomwambia mwanamke yule asogee, picha imerudi.

Na mimi nikaifungua huku kwangu. Ikashuka taratibu, kuanzia juu. Kichwa kilikuwa hakina unywele hata mmoja, kinang'aa. Kambini walikuwa wanawanyoa watoto wote kwa ajili ya chawa. Nikawaza, siye. Nikawaza, tumemrudisha mama wa watu kutoka mlangoni kuja kumwonyesha mtoto wa mwenzake. Dada naye lazima aliwaza hivyo hivyo, maana nilimsikia akisoma upya alama alizoandika: nywele nyingi, zimeshikana.

Koridoni namba za Kibondo zilikuwa zinapanda, shilingi juu ya shilingi, picha ile ile ikiwa wazi.

Kisha nikamsikia mwanamke yule, kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika kwelikweli, anayetaka kujibiwa sasa hivi.

"Nani kamnyoa mwanangu?"